Mkalimani Hahesabiwi

Hoteli moja ya Nyali, ukumbi wa chini,
viti vimevishwa nguo nyeupe na fundo mgongoni
kama maharusi waliokosa waume.
Kiyoyozi chanitetemesha. Nimeketi katikati:
kulia kwangu benki, watatu, mato yangali na usingizi wa ndege;
kushoto watu wa Vidungeni, kumi na wanne,
waliotembea toka machimboni mpaka barabara kuu ya Jomvu.
Mimi ni mdomo. Nalipwa kwa saa.

Wanasema: benki haichimbi.
Nami nasema: benki haichimbi.
Wanasema: benki hukopesha tu, kampuni ndiyo ichimbayo.
Nami nasema, ulimi ukijikwaa,
maana kwetu anunuaye baruti na awashaye utambi
hula sahani moja.

Lugogo wa Tsuma, fundi mwashi, akainuka:
"Kila saa kumi na robo mawe hulia.
Ukuta wangu una nyufa ishirini na saba.
Kila ufa nimeuandikia tarehe kwa penseli ya seremala."
Wakauliza: nyaraka ziko wapi?
"Nyaraka ni ukuta, bwana. Bodaboda kakataa kuupakia."
Wa kushoto walicheka. Nikatafsiri. Wa kulia waliandika.

Kuna maneno hayavuki.
"Kikohozi cha vumbi" nikakivusha, kikafika ng'ambo
kimevaa tai: athari ya muda kwa njia ya hewa.
"Kisima kimekufa" kikafika: upungufu wa ubora.
Na neno lao, maendeleo, lilipovuka kuja kwetu
likavua viatu, likarudi kuwa kitenzi:
vumbi laendelea,
pumu ya mwana wa Mejumaa yaendelea,
marejesho ya mkopo yaendelea, kila robo mwaka,
hayajakosa hata siku.

Wao ndio wajuao deni kuliko sote.
Wanaijua riba ya siku moja.
Ila deni la Vidungeni lina fomu ya kurasa kumi na tisa,
na ukurasa wa nne wauliza: una hakika gani
kwamba madhara yako yametokana na mradi,
si na umaskini?
Hilo nililisoma mara mbili. Nilitamani niwe nimelikosea.

Ndipo Nyevu binti Mwachiti akafungua mkoba,
akatoa chupa ya sharubati, ndani maji ya rangi ya chai ya maziwa,
akaiweka mezani, penye glasi zao.
Hakusema neno. Sikuwa na la kutafsiri.
Ndiyo dakika pekee siku ile niliyofanya kazi barabara.

Adhana ya adhuhuri ikalia, kisha pilau na kachumbari.
Tuliporudi, meza inang'aa.
Mwaringa, kijana wa mezani, kaona maji machafu,
kayamwaga. Ndivyo alivyofunzwa.
Saa tisa muhtasari ukasomwa:
Hakuna kielelezo kilichowasilishwa.

Nilipaswa kusema: hakuna kielelezo kilichowasilishwa.
Kinywa kikagoma. Nikasema, kwa lugha zote mbili,
"Kiliwasilishwa. Kikamwagwa."
Mwenyekiti akaniangalia kama kiti kilichosema.
"Nani anazungumza?"
"Mkalimani."
"Mkalimani hahesabiwi."

Nyumbani usiku nikalishika neno lao, uwajibikaji,
refu kama treni ya mizigo ipitayo Miritini,
nikalifungua behewa kwa behewa:
ndani mna wajibu, na ndani ya wajibu,
ukilipasua kipande cha mbele,
kumbe mna jibu.
Dogo. Silabi mbili. Laenea chupani.

Bahasha ya ujira wangu sijaifungua.
Nyevu kanipigia simu: Jumatatu anachota tena,
na mara hii, asema, anakuja na ndoo.